Kutoka Hamilton hadi Albany, Tukizifuata Destroya

Alhamisi: Toronto – Hamilton

Safari hii aliitaka Ami. Maisha yake yote ya kazi ameyapitisha melini, upande wa injini, akianzia oila, yaani mtia mafuta mitambo, na kumalizia fundi, na sasa amestaafu Mombasa. Alipokuja kunitembelea Toronto nilimpeleka kwenye mnara, akaniambia mnara ni mnara. Nikampeleka Niagara, akatazama, akapiga picha, akauliza chakula kinapatikana wapi. Nilipomtajia kwamba Hamilton, mwendo wa saa moja kwa gari, ipo manowari ya Vita vya Pili vya Dunia ambayo mtu anaruhusiwa kushuka mpaka kwenye boila, hapo ndipo alipouliza tunaondoka saa ngapi.

HMCS Haida imefungwa gati namba 9. Hamilton ni mji wa chuma, na ukisimama kwenye deki yake unayaona madohani ya viwanda ng'ambo ya maji. Ilijengwa Newcastle upon Tyne, Uingereza, na kampuni ya Vickers-Armstrongs. Ilishushwa majini tarehe 25 Agosti 1942 na kukabidhiwa kwa jeshi la maji la Kanada tarehe 30 Agosti 1943. Urefu wake ni kama mita 115, upana mita 11 na kidogo. Ukiitazama kutoka gatini, kitu cha kwanza unachokiona ni wembamba huo. Ni chombo cha kukimbia.

Kwa asiyezifahamu, destroya ni manowari ndogo ya kasi ambayo kazi yake ni kuzilinda meli nyingine: inasaka nyambizi, inapambana na boti za torpedo (kombora linalokwenda chini ya maji), inasindikiza misafara, na ikibidi inajitupa mbele ya wakubwa. Haida ni ya aina iitwayo Tribal. Zilijengwa 27: Waingereza 16, Wakanada 8, Waaustralia 3. Zilipewa majina ya makabila na mataifa ya watu, na nilimsomea Ami orodha tukiwa bado tumesimama chini ya ngazi: Somali, Nubian, Zulu, Ashanti, Mashona, Matabele, Bedouin, Sikh, Maori, Mohawk. Haida wenyewe ni watu wa visiwa vya Haida Gwaii, kwenye pwani ya Pasifiki ya Kanada.

"Wametutia sote," akasema Ami. "Zimebaki ngapi?"

Hii moja tu. Na ukitaka kujua kwa nini, anza na mizinga.

Katikati ya miaka ya 1930 Waingereza waliona Wajapani wana destroya kubwa zenye mizinga sita kila moja, ilhali zao wenyewe zilikuwa na minne. Wakaamua kujenga aina mpya yenye mizinga minane ya inchi 4.7, miwili miwili kwenye vituo vinne, na ili ienee wakapunguza mirija ya torpedo ikabaki minne tu. Kwa vita vya meli kwa meli, ilikuwa silaha nzito kuliko destroya yoyote waliyokuwa nayo. Lakini mizinga hiyo haikuweza kuinuka zaidi ya nyuzi 40. Ndege ikija juu ya kichwa, mizinga minane yote inatazama upeo wa macho.

Ndege zilikuja. Gurkha ilizamishwa na ndege karibu na Norwei tarehe 9 Aprili 1940, siku Wajerumani walipoivamia nchi hiyo. Afridi ikafuata mwezi mmoja baadaye, maji yale yale. Mashona ilipigwa Mei 1941 ikirudi kutoka kuiwinda Bismarck, manowari kubwa ya Wajerumani. Maori ilizamia bandarini Malta, Zulu ikazama baada ya shambulio la Tobruk. Nyingine ziliuawa na nyambizi, na Punjabi, masikini, ilikatwa vipande viwili kwenye ukungu na manowari kubwa ya upande wake mwenyewe, King George V, kisha mabomu yake ya kulipua nyambizi yakalipuka yakizama. Kati ya zile 16 za Waingereza zilisalimika nne tu.

Haida ilijengwa baada ya somo hilo kulipiwa kwa roho za watu. Kituo kimoja cha mizinga ya nyuma kiliondolewa, kikawekwa cha inchi 4 chenye kuweza kutazama angani, ikaongezwa mizinga midogo ya kutungua ndege, na ikafungwa rada nzuri. Halafu ikapata bahati ya kupangiwa kazi ambayo aina hii iliumbiwa hasa: kupigana na meli, usiku, wakati ndege hazioni. Wengi huandika kwamba Haida ilinusurika kwa sababu ya ushujaa. Ushujaa ulikuwepo. Lakini Matabele nayo ilikuwa na mashujaa, na ilipopigwa na nyambizi kwenye baridi ya kaskazini Januari 1942 waliookolewa walikuwa wawili.

Ami hakuwa na haja na mizinga. Alitaka kushuka.

Ngazi ya kwenda chini imesimama karibu wima, na mtu mnene hapiti. Mahali pa boila Ami alinizuia kwa mkono kwenye kijumba kidogo chenye milango miwili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Hakuna kibao kilichonieleza vizuri kama alivyonieleza yeye. Chumba cha boila cha meli hizi kilikuwa kinajazwa hewa kwa mafeni makubwa ili moto uvute vizuri, kwa hiyo hewa ya ndani ilikuwa na presha kuliko ya nje. Unaingia mlango wa kwanza, unaufunga, ndipo unafungua wa pili. "Ukifungua yote miwili pamoja, presha inashuka ghafla, moto unatoka kwenye boila unakutafuta," akasema. "Si moshi. Moto."

Boila ni tatu, kila moja na chumba chake. Mvuke wake, wenye presha ya pauni 300 kwa inchi ya mraba, ulikwenda nyuma kuzungusha tabaini mbili (mitambo inayogeuzwa na mvuke), nazo zikageuza rafadha mbili za kusukuma meli, nguvu za farasi 44,000, na meli ikakimbia noti 36, yaani kama kilomita 67 kwa saa. Ami aligusa gurudumu la vali moja kubwa, lile la kufungulia mvuke, lililong'aa pale mikono ilipolizoea na kubaki jeusi pembeni. Halafu akagonga ubavu wa meli kwa kifundo cha kidole. Upande wa pili ni maji.

"Hii si meli," akasema. "Hii ni injini iliyofungiwa bati."

Ni kweli. Hakuna deraya popote. Sehemu ya katikati karibu yote ni boila, tabaini na matangi ya mafuta, na watu wapatao 259 waliishi kwenye kilichobaki. Kinga ya destroya ni kutokuwepo pale kombora linapotua.

Juu, kwenye briji, hakuna paa. Nahodha alisimama wazi, mvua na barafu vikimpiga usoni, akisema na walio chini kupitia mabomba ya shaba. Hapo ndipo aliposimama nahodha wake, Harry DeWolf, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 1944, na hapo ndipo nilipokaa kwa muda mrefu kuliko mahali pengine.

Wakati huo Haida ilikuwa Plymouth, kwenye kikosi cha 10 cha destroya, ikiisafisha pwani ya Ufaransa upande wa Mlango-bahari wa Uingereza kabla ya majeshi ya Washirika kuteremka Normandy. Siku tatu nyuma, wao na wenzao walikuwa wameizamisha manowari ya Kijerumani T-29. Usiku huu Haida na dada yake Athabaskan, ya Kanada pia na ya aina ile ile, walikuwa wanalinda boti zilizokuwa zinatega mabomu ya majini karibu na Brittany. Wakakutana na mbili za Wajerumani, T-24 na T-27. Torpedo ikaipiga Athabaskan nyuma. Ikawaka, kisha ukatokea mlipuko wa pili, ikazama.

DeWolf alitanda moshi kumfunika mwenzake, akaifukuza T-27 mpaka ikapanda mwamba ikiungua. Kisha akarudi. Alfajiri inakaribia, pwani ya adui iko karibu, ndege zinaweza kuja dakika yoyote, na yeye anazima mwendo wa meli nzima katikati ya watu wanaoelea kwenye mafuta mazito. Aliteremsha maboti na nyavu za kupandia. Akakaa robo saa na ushei. Wanasimulia kwamba nahodha wa Athabaskan, John Stubbs, ambaye naye alikuwa majini, alipaza sauti akiitaka Haida iondoke. Ikaondoka. Boti yake ndogo ya injini, yenye mabaharia wake watatu wa kujitolea, ilibaki nyuma ikiendelea kuokota watu, na baadaye ikafika Uingereza yenyewe kwa yenyewe. Waliokufa wa Athabaskan walikuwa 128, na wengine zaidi ya 80 walichukuliwa mateka. Stubbs amezikwa Plouescat, kwenye pwani ile ile.

Nilimuuliza Ami angekaa muda gani.

"Mimi ningekuwa chini," akajibu. "Chini huambiwi kitu. Kengele inalia 'simama', unafunga mvuke, unangoja. Hujui kama juu kuna watu au kuna torpedo."

Ijumaa: Hamilton – Buffalo

Asubuhi tulirudi Haida kwa saa mbili, maana jana hatukuona wanapolala. Hapakosekani kitu zaidi ya nafasi. Meza ndefu, na juu yake kulabu za kutundikia machela za turubai. Mtu anakula pale pale anapolala, na juu ya kichwa chake analala mwingine. Kwenye misafara ya kwenda Murmansk, kaskazini mwa Urusi, ambako Haida ilikuwa mwishoni mwa 1943, mvuke wa pumzi za watu uliganda ukutani.

Historia iliyobaki naipita haraka. Tarehe 9 Juni 1944, siku tatu baada ya Normandy, kikosi cha 10 kilikutana na destroya za Kijerumani zilizokuwa zinakuja kuushambulia uvamizi. Haida na Huron waliipiga Z32 mpaka ikajipandisha ufukweni Île de Batz. Katika kikosi hicho walikuwemo Wapoland na destroya yao Błyskawica, ambayo bado ipo, Gdynia, nayo ni jumba la makumbusho. Wiki mbili baadaye Haida na HMS Eskimo, wakisaidiwa na ndege, waliizamisha nyambizi U-971, na safari hii karibu mabaharia wote wa adui waliokolewa. Baada ya vita ilibadilishwa silaha, ikafungwa mitambo mipya ya kurushia mabomu ya nyambizi, ikaenda Korea mara mbili kati ya 1952 na 1954. Huko kulikuwa na mashindano ya kupiga treni za adui zilizopita kando ya bahari, na Haida ina treni zake mbili.

Ilistaafishwa Oktoba 1963 ikiwa na nyufa na kutu. Ilikuwa iuzwe chuma chakavu. Watu watano wa Toronto wakachangishana wakainunua kwa dola 20,000, wakaivuta hadi Toronto mwaka 1964, ikakaa huko mpaka ilipohamishiwa Hamilton mwaka 2003. Tangu 2018 ndiyo meli ya bendera, ya heshima, ya jeshi la maji la Kanada. Mtu anaweza kusema serikali ilichelewa.

Mpakani Fort Erie askari alituuliza tunafuata nini Buffalo. Ami akajibu kwa Kiingereza chake cha melini, kavu kabisa: "Destroya." Nikaona uso wa askari unabadilika, nikaingilia haraka kueleza kwamba ni makumbusho. Tukapita, lakini baada ya maswali zaidi ya kawaida.

Usiku tulilala kwa jamaa wa Uvira wanaoishi upande wa magharibi wa mji. Mama wa nyumba alipika ugali wa muhogo na sombe, na Ami akawa mtu mwingine.

Jumamosi: Buffalo, kisha njia ya Albany

USS The Sullivans, namba 537, iko kando ya maji ubavuni mwa meli kubwa zaidi, Little Rock. Ni ya aina ya Fletcher, na hapa lazima uone tofauti ya nchi na nchi. Waingereza walijenga Tribal 16 kama mtu anayeshona suti. Wamarekani walijenga Fletcher 175.

Mizinga mitano ya inchi 5, kila mmoja kwenye kituo chake, na yote inaweza kutazama angani. Mirija ya torpedo kumi. Nguvu za farasi 60,000. Deki yake imenyooka kutoka omo hadi tezi bila kuvunjika, wakati ya Haida imeinuka mbele na kushuka katikati. Mpangilio wa chini ndio uliompendeza Ami zaidi, ingawa alilazimika kuusoma kwenye mchoro, kwa kuwa sehemu kubwa ya chini ilikuwa imefungwa siku tuliyofika. Haida imepanga boila tatu mbele, tabaini nyuma. Fletcher imezipishanisha: boila, injini, boila, injini. Torpedo moja ikipiga, nusu ya meli bado inaweza kukupeleka nyumbani.

"Huyu aliyechora hapa," akasema, kidole kikiwa kwenye mchoro, "amewahi kupigwa."

Jina la meli ni la ndugu watano, George, Francis, Joseph, Madison na Albert Sullivan, wa Waterloo, Iowa. Walijiandikisha Januari 1942 kwa sharti kwamba watumwe meli moja. Wakapelekwa Juneau, manowari kubwa kuliko destroya. Tarehe 13 Novemba 1942, asubuhi baada ya mapigano ya usiku karibu na kisiwa cha Guadalcanal, Pasifiki, nyambizi ya Kijapani I-26 iliipiga na ikapasuka papo hapo. Ilikuwa na watu karibu 700. Waliookolewa majini, baada ya siku nyingi, walikuwa kumi. Wanne wa kina Sullivan inasemekana walikufa na meli au muda mfupi baadaye. George aliwahi kufika kwenye chelezo, akafia huko.

Destroya hii ilikuwa iitwe Putnam. Wakaibadilisha jina, na mama yao, Alleta, ndiye aliyeizindua huko San Francisco tarehe 4 Aprili 1943. Nimejaribu kuwaza mama yule akiwa na chupa mkononi, nikaacha. Baadaye mtoto wa Albert, aliyebaki yatima akiwa mchanga, alikuja kutumikia ndani ya meli hii hii.

Kwenye dohani yake limechorwa jani la kijani lenye vijani vitatu, alama ya Waairishi. Meli ilipiga vita Truk, Iwo Jima, Okinawa, na haikupoteza mtu hata mmoja kwa moto wa adui. Tarehe 11 Mei 1945 ndege za kujitoa mhanga zilipoichoma meli ya kubeba ndege Bunker Hill, The Sullivans iliokota watu 166 majini.

Lakini kinachoonyesha vizuri Fletcher ni nini ni tufani ya Desemba 1944. Kadiri vita vilivyoendelea, meli hizi zilizidi kupachikwa rada na mizinga ya ndege huko juu, na uzito ukapanda. Tarehe 18 Desemba, mashariki ya Ufilipino, kikosi kizima cha Marekani kiliingia kwenye tufani. Destroya tatu zilipinduka: Hull, Monaghan na Spence. Spence ilikuwa Fletcher kama hii. Matangi yake yalikuwa karibu matupu, ikingoja kuongezwa mafuta, na meli yenye uzito juu na utupu chini hairudi ikishalala ubavu. Walikufa watu wapatao 790 kwa jumla. The Sullivans ilikuwa humo humo tufanini na ilitoka bila hasara. Ami alifikiri kidogo akasema hilo ndilo swali la kwanza alilofundishwa na chifu wake wa kwanza: maji ya uzani, yale yanayotiwa chini ili chombo kitulie, yako wapi? Chombo chepesi hukifurahii mpaka uwe bandarini.

Na bandarini kwenyewe! Aprili 2022 meli hii ilizama ikiwa imefungwa gatini. Bati la chini lilikuwa limeliwa na kutu kwa miaka mingi ya kukaa maji yale yale, likatoboka, maji yakaingia usiku, asubuhi watu wakaikuta imeinama na tezi imekaa chini. Wapiga mbizi wakaziba matundu, pampu zikafanya kazi wiki nzima na zaidi, ikaelea. Bati lile lile jembamba lililoipa kasi.

Mchana tukashika barabara ya I-90 kuelekea mashariki. Ni safari ya zaidi ya kilomita 450, na baada ya Syracuse haina la kusimulia mpaka uingie bonde la mto Mohawk. Nilimkumbusha Ami orodha ya Alhamisi. HMS Mohawk ilizamishwa usiku wa tarehe 16 Aprili 1941 karibu na Tunisia, na destroya ya Kitaliano, Tarigo, iliyokuwa nayo imeshapigwa na inazama. Ami alikuwa amelala.

Jumapili: Albany

Sikutarajia mengi kutoka USS Slater. Si destroya kamili. Ni msindikizaji, meli ndogo ya bei nafuu iliyojengwa kwa ajili ya kulinda misafara tu: urefu wa mita 93, mizinga mitatu ya inchi 3, noti 21. Wamarekani walijenga za namna hii 563, na Slater ndiyo pekee inayoelea Marekani.

Nimebadili mawazo. Ni meli iliyotunzwa kuliko zote tatu. Waliojitolea, wengi wao wazee, wamerudisha kila kitu mahali pake. Vitanda vimetandikwa, sufuria ziko jikoni, ramani ziko mezani, redio zinawaka. Jina lake ni la baharia Frank Slater wa Alabama, aliyeuawa ndani ya manowari iitwayo San Francisco tarehe 12 Novemba 1942, Guadalcanal, kwenye mapigano yale yale yaliyoimaliza Juneau saa chache baadaye. Baada ya vita ilipewa Ugiriki mwaka 1951, ikatumika huko kwa jina la Aetos mpaka 1991, na hiyo ndiyo sababu haikuyeyushwa kama wenzake.

Kwa nini ni ya dizeli? Jibu nililipata kwa mzee mmoja wa kujitolea aliyekuwa akitutembeza, na Ami akalimalizia. Destroya ya mvuke inahitaji gia kubwa kati ya tabaini na rafadha, na kukata meno ya gia hizo ni kazi ya mashine chache na mafundi wachache. Mwaka 1942 viwanda vilikuwa vimezidiwa. Basi wakatafuta injini ambazo tayari zilikuwepo, dizeli za General Motors, wakazitumia kuzungusha jenereta, na jenereta zikaendesha mota za umeme. Hakuna gia kubwa. Kasi ni ndogo, lakini nyambizi za wakati ule hazikuwa na mbio, na misafara yenyewe ilijikokota.

Wazee hawa wawili walikaa kwenye chumba cha injini zaidi ya saa nzima. Mmoja wa Albany, mmoja wa Mombasa, wakipeana majina ya vali, wakibishana kuhusu hewa ya kuwashia injini, na lugha haikuwa tatizo kabisa. Mimi nikapanda juu kutazama silaha moja iliyoko mbele, safu za vijiti vya chuma vilivyoelekea mbele. Inaitwa Hedgehog. Zamani, ili kuipiga nyambizi, meli ilipaswa kupita juu yake na kudondosha mabomu nyuma, na ikifika juu, sona, chombo cha kusikilizia chini ya maji, inapoteza mlio, kwa hiyo unapiga kwa kukisia. Hedgehog ilirusha mabomu madogo 24 kwa mkupuo, mbele ya meli, wakati sona bado inasikia. Nayo hulipuka yakigusa tu. Kimya maana yake umekosa, na bahari haikuvurugwa, unaendelea kusikiliza.

Chini, karibu na mahali pa kula maofisa, yule mzee alisema bila kuzungukazunguka kwamba watu weusi kwenye meli hizi walikuwa wapishi na watumishi wa maofisa, basi. Wachache, na wakilala kwao. Ami akamuuliza kama hapakuwa na hata meli moja tofauti. Ipo: USS Mason, msindikizaji kama Slater, iliyoanza kazi Machi 1944 Boston, ambayo mabaharia wake karibu wote walikuwa Wamarekani weusi, ingawa maofisa walikuwa weupe. Oktoba mwaka huo, ikiusindikiza msafara wa NY-119 kwenda Uingereza, dhoruba iliipasua deki. Wakaiunga kwa kuchomelea, mawimbi yakipiga, wakarudi kuongoza vyombo vidogo vilivyokuwa vinahangaika. Iliombwa wapewe barua ya pongezi. Walipewa mwaka 1995, waliokuwa bado hai.

Ami aliuliza mwaka mara mbili kuhakikisha hajasikia vibaya.

Tuliondoka Albany jioni sana kuliko nilivyopanga, tukalala Syracuse, na Jumatatu tukawa Toronto. Kwa mwenye siku moja tu, ningemshauri Haida, kwa sababu ya historia yake na kwa sababu aina yake haiko tena popote. Kwa mwenye kupenda mitambo, Slater, na avae viatu visivyoteleza. The Sullivans uliza kwanza ni sehemu gani zimefunguliwa. Haida na Slater hufungwa majira ya baridi, na Slater Jumatatu na Jumanne haipokei wageni. Ami anasema mwakani tukijaliwa twende Gdynia, anataka kuona Wapoland walipanga vipi boila zao.